Tumbo la Rustika na Pikipiki ya Usaili

Wiki iliyopita tulimwacha Rustika amekalia pikipiki nyekundu ya kampuni, mguu mmoja chini, mwingine juu ya gia, injini inanguruma na watu watatu wanamkodolea macho.

"Mbona umeganda, binti?" aliuliza Bwana Zablon. "Mafuta yanaungua."

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, mambo ni haya. Rustika ni binti wa Ulyankulu, mke wa Damas fundi pikipiki, na ana stashahada ya ufugaji nyuki. Tangu ahitimu, kazi pekee aliyoipata ni kumsaidia Bernadeta, shangazi wa mumewe, kuuza vitenge soko la Tabora. Nyuki wa pale sokoni ni wale wanaofuata juisi ya miwa.

Ndipo kampuni ya asali iitwayo Nyuki Mwema ikatangaza nafasi ya msimamizi wa vikundi vya wafugaji nyuki wa Kaliua na Ulyankulu. Waombaji walichujwa wakachujika, wakabaki wawili: Rustika, na kijana mpole aitwaye Tobias.

Asubuhi hiyo, ndani ya ofisi, Zablon ambaye ndiye mkurugenzi alimuuliza Rustika kama ana jambo lolote ambalo kampuni inapaswa kulijua. Rustika alikuwa na mimba ya miezi minne chini ya gauni pana kama turubai la lori.

Akajibu, "Hakuna, Mkurugenzi."

Zablon akafurahi. Akasema usaili umekwisha, kimebaki kitu kidogo tu cha nje. Kitu kidogo chenyewe kilikuwa na magurudumu mawili. Msimamizi ataishi porini, akasema, kwa hiyo kila mmoja aizunguke njia ya nyuma ya ghala, yenye mashimo na magogo, kampuni ijiridhishe. Tobias alikwisha kuzunguka, akarudi na vumbi hadi kwenye kope. Sasa ilikuwa zamu ya Rustika.

Mwaka jana Rustika alipanda pikipiki kutoka Kaliua akiwa na mimba changa. Hakuanguka. Barabara ilimtikisa tu, na yeye na mumewe walipofika Urambo hawakwenda kwa ndugu, walikwenda hospitali. Waliingia watatu, wakatoka wawili. Muuguzi alisema huenda ni barabara, huenda si barabara. Lakini safari hii kliniki walimwambia bila kuzunguka: pikipiki, hapana.

Rustika akazima injini.

"Mkurugenzi, siwezi kupanda."

"Huna leseni?"

"Leseni ninayo. Nina ujauzito."

Zablon ni baba wa watoto saba, lakini alishtuka kama mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza watoto wanatoka wapi. Alilitazama lile gauni. Akamtazama Advera, afisa utumishi wake, mama wa makamo mwenye miwani, kana kwamba Advera ndiye aliyelileta tumbo lile ofisini.

"Lakini nilikuuliza mle ndani," alisema. "Ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna."

"Kwa hiyo umetudanganya."

"Niliogopa, Mkurugenzi. Mwaka huu nimeshawahi kuulizwa swali hilo mahali pengine. Nikasema kweli, wakaniambia watanipigia simu. Hadi leo ninaichaji."

Tobias akacheka, akakumbuka yuko kwenye usaili, akaacha.

Zablon akaigeuza sauti yake, akaitia asali. Ukutani nyuma yake kulikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya njano: SISI NI FAMILIA MOJA. Akayaonyesha kwa kidole.

"Binti yangu, unaona pale? Sisi hapa ni familia. Kwenye familia watu hawafichani."

"Basi familia imepata habari njema," alisema Rustika.

"Usinigeuzie maneno. Mimi simbagui mtu. Barabara ndiyo inayokubagua. Je, nikaiambie barabara ya Kaliua ikuhurumie?"

"Kampuni ina pikapu."

"Pikapu ina shughuli zake."

Shughuli za ile pikapu zilijulikana na Tabora nzima. Asubuhi iliwapeleka watoto wa Zablon shule, mchana iliwarudisha, na katikati ilimpeleka mama yao saluni. Asali ilibebwa na yeyote atakayekubali.

Tobias alikuwa mtu mwema, na watu wema wana kawaida ya kuharibu mambo wakitaka kusaidia. Alimwona Rustika amesimama peke yake, akaona amfariji.

"Usijali, dada," alisema. "Hata mimi mke wangu ni mjamzito. Anajifungua mwezi huu huu."

Zablon akageuka. Uso wake ukafunguka wote.

"Wewe? Mbona hukusema? Hongera sana, kijana." Akamshika mkono, akautikisa hadi vumbi likamtoka. "Hao ndio watu ninaowataka. Mwanamume mwenye mtoto mchanga anatulia kazini. Ana sababu ya kuamka asubuhi."

Rustika akamtazama Zablon, akamtazama Tobias, akakitazama kile kiganja kilichokuwa bado kinatikiswa.

"Kwa hiyo, Mkurugenzi, mtoto wa mwenzangu anatuliza, wa kwangu anasumbua," alisema. "Na wote bado hawajazaliwa."

Advera akakohoa. "Mkurugenzi, sheria ya kazi inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya uja..."

"Advera, nani amekuuliza sheria? Mimi nazungumzia pikipiki."

Advera akainama, akajifanya anafuta miwani. Zablon akatangaza pale pale, juani, kwamba kazi ameipata Tobias. Akamtakia Rustika kila la heri na uzazi mwema, akamwambia akija kujifungua asisite kuja kununua asali. Ni nzuri kwa mzazi.

*

Damas alimkuta mkewe amekaa upenuni, viatu amevivua, anachambua mlenda kwa hasira hadi majani yanachanika.

"Umeambiwaje?" aliuliza, mikono yake bado ina grisi.

"Nimekosa."

"Wamejuaje?"

"Nimewaambia."

Damas akakaa chini. "Rustika, si tulikubaliana? Unaficha, unaingia, ukishakuwa ndani watakufanya nini?"

"Walinipa pikipiki."

"Pikipiki ya nini?"

"Ya usaili. Nizunguke nayo kwenye mashimo. Ningepanda?"

Ile safari ya Kaliua, aliyekuwa anaendesha ni Damas. Aliinuka akaenda kunawa, akanawa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. Aliporudi alisema kwa sauti ndogo, "Hapana. Usingepanda." Kisha akauchukua ule mlenda, wakaumalizia pamoja.

Jioni akaja Shangazi Bernadeta, ambaye habari zilimfikia sokoni zikiwa zimeongezwa chumvi njiani. Huyu ndiye aliyelishona lile gauni kwa mikono yake na kumfundisha Rustika namna ya kukaa ili kitambaa kisimsaliti.

"Mimi nilijua," alisema hata kabla hajapewa kiti. "Kazi haianzwi kwa uongo. Ungesema mapema, mchana kweupe."

"Shikamoo shangazi," alisema Rustika.

"Marahaba."

"Lakini shangazi, gauni si ulilishona wewe?"

"Nilishona gauni pana. Sikushona uongo. Mama yako nyumbani hakukufundisha kutofautisha?"

Mama yake Rustika naye, kwa simu kutoka Ulyankulu, alikuwa wa tatu. Alisema makosa yalikuwa ni kuomba kazi yenyewe. Angesubiri ajifungue, anyonyeshe, mtoto aanze shule, ndipo atafute. Rustika alipiga hesabu ya watoto wanne ambao mama yake anawataka, akaona ataajiriwa akiwa bibi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja ficha, mmoja sema, mmoja subiri. Aliyepaswa kulibeba tumbo na swali lake alikuwa Rustika peke yake, na usiku huo alilala nalo vilevile.

*

Siku chache baadaye, jua likiwa bado juu, bajaji ilisimama mbele ya nyumba. Akashuka Advera. Hakuwa na mkoba wa ofisi wala koti la ofisi, na alionekana kama mtu aliyetumwa kitu anachokionea aibu.

Baada ya salamu na maji ya kunywa, alisema, "Tobias ameondoka."

"Amefukuzwa?" aliuliza Damas.

"Hakuanza hata siku moja. Kumbe alikuwa ameshapata kazi Mwanza kabla hajaja kwetu. Alikuja kwenye usaili ili wale wa Mwanza wamwongezee dau. Wameongeza. Amekwenda."

Rustika alicheka polepole. "Na yeye, mle ndani mlimuuliza kama ana jambo ambalo kampuni inapaswa kulijua?"

Advera akaitazama bilauri yake. "Hakuulizwa."

"Hata kidogo?"

"Aliulizwa anashabikia timu gani."

Damas akasimama, akazunguka kiti, akakaa tena. Rustika akamwambia mgeni aendelee, maana uso wake ulionyesha kwamba habari yenyewe haijafika.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Msimu wa kurina asali ulikuwa umefika, vikundi vya Kaliua havina msimamizi, na Jumatatu wanakuja wanunuzi kutoka Ulaya. Wanunuzi hawa hawanunui asali tu. Wanataka kujua iliyoirina ni mikono ya nani, wanawake wako wapi, wanatendewaje. Na Zablon, ambaye kwenye menejimenti yake yote mwanamke alikuwa Advera na picha ya malkia wa nyuki ukutani, alikuwa ameanza kutoka jasho.

"Anakutaka," alisema Advera. "Mkataba upo tayari. Utatumia pikapu hadi utakapojifungua, na likizo ya uzazi utapata kama sheria inavyosema."

"Amesema yeye?"

"Nimesema mimi. Yeye aliguna. Nikaandika kwamba amekubali."

"Mbona hufurahi basi, dada?"

Advera akashusha pumzi. "Ana sharti. Jumatatu usimame mbele ya wageni. Na amesema..." akamtazama Damas, akaona aibu, akaendelea. "Amesema lile gauni pana uliache nyumbani. Uvae linalobana kidogo. Tumbo lionekane."

Damas akauliza kama amesikia vizuri. Akaambiwa amesikia vizuri.

"Wiki iliyopita tumbo hili liliwatia hasara," alisema Rustika. "Wiki hii wanalitaka kwenye maonyesho."

"Kataa," alisema Damas. "Si lazima. Tutakula tunachokula."

Rustika alifikiria vile vikundi vya Ulyankulu, wanawake anaowajua kwa majina, wanaorina kwa moto wa nyasi na kuuza kwa mlanguzi kwa bei ya kuonewa huruma. Kazi ile aliisomea. Hakuisomea kwa ajili ya Zablon.

"Na wewe, dada Advera," aliuliza, "ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Mimi nilikuwa wewe," alisema Advera. "Wa kwanza wangu nilimficha pale pale ofisini. Nilijifunga mtandio kila siku, nikabeba ndoo za asali ili wasihisi. Alipozaliwa nilirudi kazini mapema mno, kitovu chake hakijakauka vizuri. Leo mtoto yule ni mkubwa, na bado sijawahi kumwambia mtu." Akainuka, akatengeneza kanga yake. "Sina ushauri. Nimeleta ujumbe."

Jumamosi Rustika akasaini.

*

Jumatatu ua wa Nyuki Mwema ulikuwa umefagiliwa hadi kuku wakashangaa. Viti vya kukodi, maua ya plastiki, na juu ya yale maandishi ya familia limetundikwa bango jipya: MWANAMKE NI NGUZO. Wafugaji nyuki wa vijijini walikalishwa kwenye mabenchi ya nyuma, wametulia kama watu waliozoea kuletwa kupigwa picha. Wageni walikaa mbele. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu wa mvi, amevaa viatu vya kutembelea porini.

Zablon alikuwa ameshapanga kila kitu. Rustika ataongea Kiswahili, Advera atatafsiri kwa Kiingereza.

"Akiteleza, wewe unanyoosha," alimnong'oneza Advera. "Ndiyo kazi ya mkalimani."

Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaongea kwa Kiingereza chake chenye makona, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mabenchi ya nyuma nayo yafaidi.

"Huyu ndiye Rustika wetu. Mnamwona alivyo. Ni mjamzito, na sisi hatukusita. Tulimkumbatia siku ile ile."

Wageni wakapiga makofi. Rustika akasimama na gauni lake la kubana, kitenge cha bluu alichokishona Shangazi Bernadeta kwa mara ya pili na kwa nasaha tofauti kabisa.

Yule mama wa mvi akauliza jambo kwa Kiingereza. Advera akamgeukia Rustika.

"Anauliza, siku ulipowaambia kwamba una ujauzito, walikupokeaje?"

Zablon akatabasamu. Meno yake yote yalihudhuria.

Rustika alijua yuko kwenye kipindi cha majaribio. Alijua anaweza kurudi kwenye vitenge kabla chakula cha wageni hakijapoa. Lakini alipoyatazama mabenchi ya nyuma aliona wanawake wawili wa Ulyankulu ambao yeye angewaendea kesho kuwataka wamwamini. Mmoja wao alikuwa na tumbo kubwa kuliko lake.

"Mwambie hivi," alisema. "Kwanza nilificha. Niliulizwa nikasema hakuna, na hilo sijivunii. Kisha nikapewa pikipiki nizunguke kwenye mashimo, na mimi mwaka jana nilishapoteza mmoja njiani. Nikasema ukweli. Mkurugenzi akaninyima kazi pale pale. Mwenzangu akasema mke wake naye ni mjamzito, akapongezwa, akapewa kazi. Yeye ameikimbia. Ndiyo maana niko hapa. Na gauni hili nimeambiwa nilivae."

Mabenchi ya nyuma yaliguna kwa pamoja. Mzee mmoja wa Bukene akasema "Mh," moja tu, ndefu.

Zablon hakuacha kutabasamu. Bila kugeuza shingo, akiwa bado anawatazama wageni, alisema kwa Kiswahili laini, "Advera, mwambie anafurahi sana kuwa mmoja wa familia. Basi. Halafu twende tukale."

Wageni wakasubiri. Walimtazama Advera, mikono kwenye magoti.

Advera alivua miwani. Miaka yote ile alipokwama aliifuta. Safari hii hakuifuta, aliishika tu. Akawageukia wageni, akaanza, polepole, kwa Kiingereza kilichonyooka. Hata wale wa nyuma wasiojua neno moja walielewa anachosema, kwa sababu walikuwa wanamtazama Zablon. Alipofika kwenye pikipiki, tabasamu lilipungua. Alipofika kwa Tobias, lilikwisha. Alipofika kwenye gauni, Zablon alikuwa ameanza kufungua vile vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mtu anayesikia joto.

Advera akamaliza. Akavaa miwani.

Yule mama wa mvi hakuandika kitu. Alimtazama Rustika, akaitikia kwa kichwa. Akamtazama Advera.

"Asante, dada," alisema. "Umetafsiri vizuri. Hukuacha neno."

Alisema kwa Kiswahili. Si kile cha watalii cha jambo jambo. Kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyewahi kununua karanga sokoni Puge na kubishania bei.

"Nilikuwa muuguzi kule Nzega nikiwa msichana," alisema. "Nilizalisha wengi. Nimeanza kusahau, lakini masikio bado yapo."

Kisha akakigeuza kiti chake chote, taratibu, kikakwaruza ardhi, akamkabili Zablon.

"Mzee, wewe pia ulisema kitu hapa sasa hivi. Ulimwambia aniambie nini?"

Zablon akamtazama Advera amtafsirie. Lakini hapakuwa na cha kutafsiri.